Tiba ya afya ya akili kwa watoto: Kwa nini wazazi wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

MZAZI ambaye mtoto wake amepata homa anajua pa kuanzia. Humpeleka zahanati, mtoto hutobolewa kidole, kipimo cha haraka hutoa jibu siku hiyo hiyo, na ikibainika kuwa ni malaria huondoka na dawa ya mseto. Hali huwa tofauti pale mtoto aliyekuwa mchangamfu anapoacha kuzungumza, anapokataa shule kwa miezi, anapoanza kusikia sauti ambazo wenzake hawazisikii, au anapotimiza miaka 4 bila kutamka neno. Hapo mzazi hajui abishe mlango gani, na mara nyingi hata jina la tatizo hana.

Kipindi hicho, kuanzia siku mzazi alipoona kuwa jambo haliko sawa hadi siku mtoto alipokaa mbele ya mtaalamu, kinastahili kutazamwa kila mara Serikali inapotangaza hatua mpya katika huduma za afya ya akili. Majengo, vitanda na watumishi huhesabika kwa urahisi. Miezi na miaka inayopotea nyumbani hakuna anayeihesabu, ingawa ndiyo inayoamua kwa kiasi kikubwa kama mtoto atarejea darasani.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), kijana 1 kati ya 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 duniani anaishi na tatizo la afya ya akili. Shirika hilo linaeleza pia kuwa theluthi moja ya matatizo hayo huanza kabla ya umri wa miaka 14, na nusu kabla ya miaka 18. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, na karibu nusu yao ni watoto. Kwa nchi yenye idadi ya watu ya namna hiyo, afya ya akili ni suala la watoto kabla ya kuwa la watu wazima, ilhali huduma zilijengwa kwa miongo mingi kwa kumlenga mtu mzima aliyeugua kiasi cha kushindikana nyumbani.

Ucheleweshaji huanza na lugha. Kiswahili kina maneno mengi ya kumtaja mtu aliyeugua akili, na takriban yote hutumika kama matusi. Kwa mtoto maneno hubadilika, lakini hayamsaidii zaidi. Asiyeweza kutulia huitwa mtundu, asiyejibu anapoitwa huitwa mkaidi au mwenye kiburi, na aliyejitenga husifiwa kuwa mpole. Sifa hii ya mwisho huenda ndiyo yenye madhara makubwa kuliko zote, kwa sababu mtoto mwenye sonona hasumbui mtu. Hukaa pembeni, hula kidogo, alama zake hushuka taratibu, na wazazi hushukuru kuwa wamejaliwa mtoto asiye na makuu. Neno usonji limeanza kuzoeleka mijini katika miaka ya karibuni, na wazazi waliolisikia redioni au kliniki ya watoto wamepata kwa mara ya kwanza namna ya kueleza walichokuwa wakikiona. Kwa matatizo mengine mengi, neno la namna hiyo bado halijafika mtaani.

Kifafa kinaonesha vizuri jinsi tafsiri inayotolewa nyumbani inavyoweza kuamua tiba. Kitaalamu ni ugonjwa wa ubongo na mishipa ya fahamu, lakini katika vituo vingi nchini wagonjwa wake huhudumiwa na kliniki za afya ya akili, na wengi wao huanza kuugua wakiwa watoto. Mtoto anapokakamaa na kutetemeka, familia nyingi husema ni degedege. Utafiti uliofanyika Bagamoyo katika miaka ya 1990 ulionesha kuwa degedege lilihusishwa na nguvu za mashetani zaidi kuliko na malaria, hivyo mtoto alipelekwa kwanza kwa mganga. Hali inapojirudia bila homa, jina hubadilika na kuwa kifafa, na jina hilo huja na hofu yake. Wapo wanaoamini kuwa mate au povu la mgonjwa huambukiza. Kwa imani hiyo mtoto anayeanguka karibu na mafiga huweza kuachwa aungue huku watu wazima wakimtazama, na makovu ya moto yamekuwa alama ya watoto wengi wenye ugonjwa huo vijijini.

Mahenge, wilayani Ulanga katika Mkoa wa Morogoro, ina historia ndefu katika suala hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha huko kliniki ya kifafa baada ya kukuta wagonjwa wengi wakiwa wametengwa na jamii, baadhi yao wakila na kulala peke yao. Ndiye pia aliyeandika kuhusu watoto waliokuwa wakitikisa vichwa kama wanaosinzia, hali ambayo baadaye ilivuta watafiti wa mataifa mbalimbali. Uchunguzi wa miaka ya karibuni umehusisha wingi wa kifafa katika eneo hilo na ugonjwa wa usubi, ambao huenezwa na inzi wadogo wanaozaliana katika mito iendayo kasi na ambao hudhibitiwa kwa kugawa kingatiba kwa jamii nzima. Kwa mzazi wa Mahenge, basi, kumeza kidonge cha kingatiba siku ya ugawaji na kupeleka mtoto kliniki ni sehemu mbili za kazi moja. Kilichomvuta mgonjwa kuja kliniki tangu wakati ule kilikuwa jambo la kawaida kabisa: dawa ilikuwepo, ilitolewa karibu, na jirani aliona kuwa aliyeinywa haanguki tena. Vijiji ambavyo havikufikiwa vilibaki na maelezo yao ya zamani kwa sababu hakuna aliyevionesha mengine.

WHO inakadiria kuwa hadi asilimia 70 ya watu wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka iwapo watachunguzwa na kutibiwa ipasavyo. Fenobabito, mojawapo ya dawa zinazotumika, imekuwa katika matumizi tangu mwaka 1912 na bei yake ni ndogo. Hata hivyo ni miongoni mwa dawa zilizo chini ya udhibiti wa mkataba wa kimataifa wa mwaka 1971, hivyo uagizaji na usambazaji wake una masharti ambayo dawa ya kikohozi haina. Kituo kikisahau kuagiza kwa wakati, mzazi huambiwa arudi wiki ijayo. Katika ugonjwa huu wiki moja bila dawa si jambo dogo: mtoto aliyekuwa ametulia kwa mwaka huweza kuanguka mfululizo, na bibi aliyekuwa anasema tangu awali kwamba dawa za hospitali haziwezi kitu hupata ushahidi wake.

Kuhusu waganga wa tiba asili na viongozi wa dini, mijadala mingi huishia katika kuwalaumu. Lawama hizo hazielezi kwa nini wazazi huwaendea. Mganga yuko kijijini, hufungua usiku, humsikiliza mama kwa saa nzima, na humpa sababu inayoeleweka ya msiba wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kuhusu watu wazima jijini Dar es Salaam ulibaini kuwa matatizo ya kawaida ya akili, kama sonona na wasiwasi uliopitiliza, yalikuwa kwa asilimia 48 ya waliokwenda kwa waganga, ikilinganishwa na asilimia 24 ya waliokwenda vituo vya afya vya msingi. Kwa maneno mengine, wagonjwa wa akili walikuwa wakitafuta huduma, ila walikuwa wakiitafuta mahali ambapo mfumo wa afya haukuwapo. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inawatambua waganga waliosajiliwa na kuwaweka chini ya baraza lao. Mganga aliyesajiliwa anayejua kuwa mtoto anayeanguka mara kwa mara apelekwe zahanati huweza kuokoa miaka. Anayemfunga mtoto kamba, kumnyima chakula au kumchanja ili kutoa pepo anatenda kosa, na anapaswa kuripotiwa kama mtu mwingine yeyote anayemdhuru mtoto kinyume cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009.

Mzazi akishaamua kwenda hospitali, hukutana na kikwazo kingine ambacho ni cha kihistoria. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe ya jijini Dodoma ilijengwa katika miaka ya 1920, wakati wa utawala wa Waingereza, katika zama ambazo kumtibu mgonjwa wa akili kulimaanisha kumweka mbali na wengine. Jina lake liliingia katika mazungumzo ya mitaani kama dhihaka, na mpaka leo mtu akitaka kumkejeli mwenzake humwambia anastahili Mirembe. Hospitali ya Lutindi katika milima ya Korogwe, mkoani Tanga, inayoendeshwa na kanisa, ina mwanzo wa aina yake: ilianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani kabla ya kugeuzwa kuwa mahali pa kulea na kutibu wagonjwa wa akili. Zote mbili zimebadilika sana. Lakini mzazi anayeandikiwa rufaa ya mtoto wa miaka 12 haendi na historia ya mabadiliko kichwani. Huenda na dhihaka aliyoisikia tangu utotoni, na hofu kuwa mwanawe akionekana katika lango lile hataoa au hataolewa.

Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 ilichukua nafasi ya sheria ya zamani iliyotazama wagonjwa hawa kwa jicho la ulinzi zaidi kuliko tiba. Sera pia inataka huduma za awali zipatikane katika ngazi zote, kuanzia zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya, hadi hospitali za rufaa za mikoa, za kanda na ya Taifa. Kwa watoto, ugumu uko hasa katika ngazi za chini. Mganga wa zahanati amefundishwa kutambua nimonia kwa kuhesabu pumzi. Hajapewa muda wa kukaa na mtoto asiyezungumza na kumtofautisha mwenye usonji na asiyesikia. Matokeo yake ni kwamba mtoto hupewa vitamini au dawa ya minyoo, mzazi hurudi nyumbani akiamini ameshakwenda hospitali na hakuna kilichoonekana, na safari ya pili huja baada ya mwaka au miwili. WHO ilianzisha mwaka 2008 mpango wa kuwajengea uwezo watumishi wasio mabingwa ili waweze kuhudumia matatizo ya akili katika ngazi ya msingi, ukiwemo mwongozo wa matatizo ya ukuaji na tabia ya watoto. Ni mafunzo yasiyohitaji jengo jipya, na kwa uwiano wa gharama na faida ni vigumu kupata hatua nyingine inayolingana nayo.

Katika hospitali nyingi zenye kliniki ya afya ya akili, watoto husubiri katika benchi moja na watu wazima. Mama anayemleta binti aliyepoteza usingizi baada ya kufiwa na baba yake huketi karibu na mtu mzima aliyeletwa akiwa amechachamaa, na wapo wanaoamua kuondoka kabla ya kuitwa. Kutenga siku moja ya wiki, au hata asubuhi moja, kwa ajili ya watoto ni uamuzi unaoweza kufanywa na uongozi wa hospitali wenyewe.

Gharama nazo hazionekani zote katika stakabadhi. Mwongozo wa misamaha ya matibabu unawagusa watoto wa chini ya miaka 5 na wagonjwa wa magonjwa sugu ya akili wasio na uwezo, na afisa ustawi wa jamii wa hospitali ndiye wa kuonwa. Msamaha huo hauhusu nauli ya mtu wawili kwenda na kurudi, chakula cha njiani, mahali pa kulala, wala siku za kazi zilizopotea. Kliniki ya mtoto mwenye tatizo la muda mrefu si ya mara moja, na tiba ya mazungumzo au mazoezi ya kuongea huhitaji vikao vingi. Katika kaya nyingi mzigo huu huangukia kwa mama, ambaye mara nyingi ndiye pia anayelaumiwa na ukoo kwa kuzaa mtoto wa namna hiyo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, inatoa fursa ya kupunguza sehemu ya gharama hizo. Wazazi wanaofuatilia utekelezaji wake wana haki ya kuuliza swali mahususi: je, kitita cha mafao kinajumuisha ushauri wa mwanasaikolojia na tiba kazi kwa mtoto, au kinaishia kwenye kumwona daktari na kuchukua dawa?

Mara nyingi anayebaini tatizo mapema kuliko wote ni mwalimu. Ana watoto wa umri mmoja mbele yake kila siku, hivyo tofauti humjia bila kuitafuta. Shule zina walimu wa malezi na ushauri nasaha, na baadhi, kama Shule ya Msingi Msimbazi Mseto jijini Dar es Salaam, zina kitengo cha watoto wenye usonji. Katika shule yenye darasa la wanafunzi 100, mwalimu wa ushauri nasaha ndiye pia wa hisabati, na mtoto asiyeweza kutulia hukutana na fimbo kabla ya kukutana na ushauri. Kuna pia mabadiliko ya tabia ambayo chanzo chake si ugonjwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2011, ulionesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Mtoto aliyeanza ghafla kukojoa kitandani, kuogopa ndugu fulani au kukataa kwenda shule anahitaji kuulizwa kwa upole kabla ya kuadhibiwa au kuombewa.

Suala gumu kuliko yote ni la kijana aliyejaribu kujiua. Familia nyingi hulificha, na aibu si sababu pekee. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinalifanya jaribio hilo kuwa kosa la jinai Tanzania Bara. Mzazi aliyemkuta mwanawe katika hali hiyo hujikuta akipima kati ya kumkimbiza hospitali na kumweka mbele ya polisi, na wakati wa kupima hivyo ndio wakati ambao mtoto anahitaji daktari. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kuwa kifungu cha aina hiyo katika sheria zao kinakwenda kinyume cha Katiba. Tanzania itafikia uamuzi wake kwa taratibu zake, ila wataalamu wa afya ya akili wamekuwa wakisisitiza kwa miaka mingi kuwa hofu ya kushtakiwa humweka mgonjwa mbali na tiba, na hoja hiyo ina uzito wa pekee pale mhusika anapokuwa mtoto. Kwa sasa mzazi ajue kuwa kuokoa maisha kunatangulia, na kwamba aliyejaribu mara moja yuko katika hatari ya kujaribu tena asipopata msaada.

Kati ya hatua zilizotangazwa hivi karibuni, inayoweza kugusa zaidi wazazi wa vijijini ni ile ambayo haikutangazwa kama hatua ya afya ya akili. Mpango Jumuishi na Shirikishi wa Wahudumu wa Afya Ngazi ya Jamii, uliozinduliwa jijini Dodoma Januari 31, 2024 na Makamu wa Rais wa wakati huo, Dkt. Philip Mpango, umelenga kufikia wahudumu 137,294, yaani wawili, mwanamke na mwanaume, kwa kila kitongoji na mtaa. Mtu anayepita nyumba kwa nyumba ndiye anayeweza kumwona mtoto aliyefichwa chumba cha nyuma. Ikiwa mafunzo yake yatakuwa na maswali machache ya kumuuliza mama kuhusu usemi, usingizi, kuanguka na kujitenga kwa mtoto, na ikiwa kituo anachomwelekeza kitakuwa na mtumishi aliyeandaliwa kumpokea, muda wa kusubiri utapungua bila mzazi kusafiri hata hatua moja. Sharti la pili lina uzito sawa na la kwanza. Mhudumu anayemshawishi mama kwenda zahanati ambako anaambiwa hakuna mtaalamu wala dawa, atakuwa ametumia imani ya mama huyo mara moja, na hataipata tena kwa wepesi.

Mzazi mwenye wasiwasi leo ana mahali pa kuanzia. Simu namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bila malipo, na namba 116 ni ya huduma ya simu kwa mtoto, nayo ni bure, ambapo hata mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Kabla ya kwenda kituoni inafaa kuandika tarehe mabadiliko yalipoanza, jinsi mtoto anavyolala na kula, alichosema mwalimu, na dawa zozote alizopewa, zikiwemo za asili, bila kuona haya kuzitaja. Kwa mtoto anayeanguka, video fupi ya simu humsaidia daktari kuliko maelezo marefu. Mtumishi akisema hana uwezo wa kumhudumia, mzazi aombe barua ya rufaa badala ya kurudi nyumbani mikono mitupu, na kwa kuwa kliniki nyingi za afya ya akili za hospitali za mikoa huwa na siku zake maalumu, apige simu kuulizia siku hiyo kabla ya kukata tiketi ya basi.